Shajara ya mradi: nyumba ya Lord Charlemont kwa skeli ya 1:50

Januari. Tunaanzia wapi

Uamuzi wa kwanza umepita bila ubishi: hatuchongi sanamu ya Charlemont, tunajenga nyumba yake. Sanamu ingetupa bwana wa karne ya 18 mwenye nywele za bandia, sawa na wenzake wote wa zama zile. Nyumba ina mengi zaidi ya kusema.

Kwa anayeingia sasa: mradi ni mfano wa plaiwudi wa Casino ya Marino, kaskazini mwa Dublin, pamoja na maelezo ya sauti kwa Kiswahili yanayosimulia maisha ya aliyeijenga. Casino hii haihusiani na kamari. Ni kijumba cha bustanini, cha kupumzikia, kupokea wageni na kutazama Ghuba ya Dublin. Tuko wawili: mimi ninayepima na kuandika, na Mzee wetu, seremala mstaafu aliyejifunza kazi Mombasa, mwenye mashine ya kukereza kwenye banda la nyuma na asiyependa kabisa mtu aongee msumeno ukiwa kazini.

Mwenye nyumba ni James Caulfeild, Earl (cheo cha juu cha ukabaila) wa kwanza wa Charlemont, aliyezaliwa Dublin tarehe 18 Agosti 1728. Baba yake alifariki 1734, na mtoto akarithi cheo cha Viscount, kilicho chini ya Earl, kabla hajatimiza miaka 6. Walikuwa Waprotestanti wenye asili ya Uingereza. Mzee wao mmoja, Toby Caulfeild, alikabidhiwa ngome ya Charlemont huko Armagh mwanzoni mwa karne ya 17, na ardhi ikafuata. Mtoto hakupelekwa shule. Alisomeshwa nyumbani na walimu wa kuajiriwa, wa mwisho akiwa Edward Murphy, ambaye baadaye alifuatana naye hadi Italia.

Februari. Vipimo

Mpango wa sakafu tumeupata kwenye michoro ambayo William Chambers, msanifu wa jengo, aliichapisha katika kitabu chake cha usanifu cha 1759. Chambers hakuwahi kukanyaga Ireland. Alichora London, barua zikavuka bahari, na kule Dublin mchongaji Simon Vierpyl, aliyefahamiana na Charlemont wakiwa Roma, akasimamia mawe yapandane inavyotakiwa. Ujenzi ulianza mwishoni mwa miaka ya 1750 ukamalizika yapata 1775. Bwana alianza akiwa kijana, akamaliza akiwa baba wa familia.

Ukipima nje ya nguzo, kila upande una futi 50, kama mita 15. Kwa skeli yetu hiyo ni sentimita 30, mfano unaokaa kwenye meza ya chai bila kubana vikombe. Nikadhani kazi itakuwa nyepesi. Kisha nikafika kwenye vyumba.

Ukisimama nje unaona hekalu la Kirumi lenye chumba kimoja: mlango mrefu, dirisha kubwa, nguzo 12, simba wa mawe kwenye pembe. Ndani mna vyumba 16 katika ngazi tatu. Mlango ule mrefu ni wa kuonyesha. Kinachofunguka ni sehemu ndogo tu ya chini. Dirisha moja linaangaza zaidi ya chumba kimoja, na vioo vyake vimepindwa kidogo ili aliye nje aone mawingu yakiakisiwa, asione kuta zinazokatiza nyuma yake. Mitungi ya mawe iliyoko paani ni dohani. Ndani kuna milango isiyokwenda popote, imewekwa ili ukuta wa huku ulingane na wa kule. Nguzo nne kati ya zile 12 zina uwazi katikati, na maji ya mvua kutoka paani yanashukia humo. Jiko, stoo ya mvinyo na pilikapilika zote za watumishi ziko chini ya ardhi.

Mzee aliishika ile michoro mbali na macho, akaigeuza, akairudisha.

"Mwanangu, huyu bwana alikuwa anaficha nini?"

"Jiko, Mzee."

"Na mpishi je?"

"Naye yumo humo humo chini."

Hakusema zaidi. Alikwenda kuchagua mbao.

Machi. Nguzo

Mwezi mzima umeliwa na nguzo, na sijutii. Nguzo ya aina hii haikerezwi ikanyooka kama bomba la maji. Inapungua unene kuelekea juu, tena si kwa mstari mnyoofu, bali kwa mkunjo mdogo ambao jicho linauhisi kabla ya kuuona. Mzee alikata kipande cha bati kwa umbo hilo, akawa analisogeza ubavuni mwa mti unaozunguka, akisikiliza pale bati linapokwaruza. Akipita na msasa wa mwisho anafumba macho na kupapasa kwa kidole gumba. Nguzo ikimridhisha anaipiga busu la kejeli na kuitupa kwenye kikapu.

Zile nne zenye uwazi zilitobolewa kwanza, ndipo zikakerezwa. Ndani yake tumening'iniza mkufu mwembamba, kwa kuwa nguzo za Marino zina minyororo ndani. Tulimimina maji ya birika kwenye paa la majaribio. Bila mkufu yanaporomoka na kurushia matone hadi kwenye kuta. Ukiwepo, yanaushika na kuteremka taratibu, na anayetazama nje haoni wala hasikii kitu. Watoto wa jirani waliomba tulirudie hilo mpaka birika likaisha maji.

Vioo vilivyopinda tumevikata kutoka kwenye chupa za plastiki na kuvilaza juu ya bomba la moto. Vimekubali.

Aprili. Maandishi: safari, na ugomvi na mchoraji

Charlemont aliondoka Ireland 1746 na hakurudi kuishi nyumbani hadi katikati ya miaka ya 1750. Vijana wa tabaka lake walizoea kuzunguka Italia mwaka mmoja au miwili, wakanunua picha, wakarudi. Yeye alivuka mpaka huo. Mwaka 1749 alisafiri kwa meli na marafiki zake pamoja na mchoraji Richard Dalton, wakafika Istanbul, visiwa vya Ugiriki, Misri na Athens. Bodrum, kwenye pwani ya Uturuki, waliona mawe yaliyochongwa vita vya kale yakiwa yamepachikwa kwenye kuta za ngome ya mashujaa wa Kikristo. Yalikuwa mabaki ya kaburi la Mausolus, moja ya maajabu saba ya kale, na Dalton aliyachora karibu miaka 100 kabla hayajachukuliwa kupelekwa makumbusho ya London mwaka 1846.

Hapo nilitaka kukimbilia siasa, lakini kuna kisa cha Piranesi, na kisa hicho sikiachi.

Giovanni Battista Piranesi alikuwa Roma akichonga mabamba ya shaba ya magofu ya mji. Charlemont akakubali kufadhili kitabu chake kuhusu makaburi ya kale. Kitabu kikamea, kikawa juzuu nne zenye mabamba zaidi ya 200. Jina la Charlemont likachorwa mwanzoni mwa kitabu kwa heshima kubwa, katika umbo la maandishi ya kale kwenye jiwe. Fedha hazikuja. Bwana alikwisharudi Ireland, na mawakala wake Roma walimzungusha mchoraji kwa maneno. Kitabu kikatoka 1756.

Piranesi alichukua chombo chake akafuta jina hilo kwenye shaba, kisha akachora ile ile picha ya jiwe, sasa maandishi yake yakitoa kitabu kwa zama zake, kwa vizazi vijavyo na kwa manufaa ya umma. Mwaka 1757 akachapisha pia barua zake kwa Charlemont, mji mzima uzisome. Mchoraji asiye na cheo alimfuta Lord kwa njia ile ile ambayo Warumi walizifuta kwenye mawe sifa za wafalme waliowachoka.

Niseme ninavyomwona. Sidhani Charlemont alikuwa bahili. Watu aliokuwa akionana nao uso kwa uso, kina Vierpyl na Chambers, walipata kazi kwake kwa miaka mingi. Mchoraji William Hogarth aliachiwa achague mwenyewe cha kumchorea. Ila mtu akishakuwa mbali, katikati wakasimama wakala na karani, Lord wetu alikuwa mwepesi wa kutojua kinachoendelea. Kwenye rekodi ya sauti nimekipa kisa hiki dakika nyingi kuliko safari ya Misri.

Mei. Mdomo wa kuazima

Sakafu ya kati imekamilika. Mzee amekata vipande vya mbao za rangi tofauti kuiga nakshi za sakafu, akalalamika kwamba kwa skeli hii ni kazi ya siafu.

Upande wa maandishi, haya ya 1763 hadi 1774 nayapitisha haraka. Alipewa cheo cha Earl 1763, baada ya kutuliza bila damu ghasia za wakulima wa Armagh waliochoshwa na kazi ya lazima ya barabara na zaka za kanisa. Akajenga nyumba ya mjini, Charlemont House, mchoro ukiwa wa Chambers huyo huyo. Akaoa 1768, mke wake akiwa Mary Hickman. Alikaa sana London, akiwa mwanachama wa klabu ya kina Samuel Johnson, mwandishi, na Joshua Reynolds, mchoraji, kisha akaamua kwamba mahali pake ni Dublin, akarudi mwaka 1773.

Kilichonishika ni hiki: mwanasiasa huyu alishindwa kuhutubia. Alikuwa na kiti katika Baraza la Malordi, lakini akisimama mbele ya watu woga ulimbana koo. Macho yake pia yalikuwa dhaifu, na afya ilimsumbua tangu ujana. Kwa hiyo alifanya siasa kwa barua, kwa chakula cha jioni, na kwa midomo ya wengine.

Mwaka 1775 mdogo wake Francis, mbunge wa Charlemont, alizama na meli akivuka bahari kati ya Uingereza na Ireland. Kiti kikawa wazi. Kusema kiti ni kuficha kidogo: Charlemont ilikuwa kijiji pembezoni mwa ngome, wapiga kura wake wachache walimfuata bwana wao, na mbunge alikuwa yule bwana atakayemtaja. Akamtaja mwanasheria wa miaka 29, Henry Grattan, ambaye hakuwa na fedha za kununua kiti lakini alikuwa na ulimi. Bunge la Ireland lilikuwa na wabunge 300, na wengi wao walitoka katika vijimbo vya namna hiyo. Sauti maarufu kuliko zote za kudai uhuru wa Bunge hilo iliingia kupitia mfuko wa koti la Earl.

Kisha wanamgambo. Mwaka 1778 Ufaransa iliingia vita vya Marekani dhidi ya Uingereza, askari wa kawaida walikuwa ng'ambo, na pwani ya Ireland ilikuwa wazi. Watu wa Ulster, jimbo la kaskazini mwa Ireland, wengi wao Waprotestanti, wakaanza kuunda vikosi vya kujitolea, wakajinunulia sare na bunduki. Vikaenea nchi nzima, hadi watu makumi ya maelfu. Wafaransa hawakuja. Bunduki zikabaki, na waliozishika wakagundua kwamba serikali inawasikiliza kuliko ilivyowahi. Julai 1780 wakamchagua Charlemont kuwa jemadari mkuu, yule yule mwenye macho mabovu na koo lililobana.

Madai yao yalikuwa na sababu. Tangu 1494, kwa sheria ya Poynings, Bunge la Dublin halikuweza kupitisha sheria bila idhini ya mfalme na washauri wake London, na sheria ya 1720 ilidai kwamba Bunge la London linaweza kuitungia Ireland sheria moja kwa moja. Tarehe 15 Februari 1782 wajumbe wa wanamgambo wa Ulster walikutana katika kanisa la Dungannon wakapitisha maazimio yaliyoandaliwa na Charlemont, mwanasiasa Henry Flood na Grattan. Azimio moja, la kufurahia kulegezwa kwa sheria kali dhidi ya Wakatoliki, Grattan aliliongeza kwa upande wake. Ndani ya miezi michache serikali mpya ya London ilikubali. Sheria ya 1720 ikafutwa, ile ya Poynings ikakatwa makucha.

Juni. Novemba 1783

Hapa ndipo mradi wote unapoegemea, kwa hiyo nimeandika na kufuta sana.

Ushindi wa 1782 uliacha Bunge lile lile, la vijimbo vya mfukoni. Wanamgambo wakataka lirekebishwe. Tarehe 10 Novemba 1783 wajumbe wa nchi nzima walikutana Dublin, vikao vikafanyika katika ukumbi wa Rotunda. Ukitoka mlangoni kwa Charlemont House unautazama uwanja ule ule ambao Rotunda iko upande wake wa pili. Mwenyekiti, Charlemont mwenyewe, hakuwa na safari ndefu.

Aliyekuwa na safari ni Frederick Hervey, Earl wa Bristol na Askofu wa Derry, aliyeingia mjini kwa msafara wa wapanda farasi, amevaa zambarau, kama anayekwenda kutawazwa. Hervey alitaka Wakatoliki wapewe kura. Walikuwa kama robo tatu ya watu wa Ireland, na hawakuwa na haki ya kumchagua hata mbunge mmoja. Charlemont hakutaka. Alikubali uenyekiti kwa sehemu ili Askofu asiupate, na mkutano ukaweka suala la Wakatoliki kando. Mpango uliobaki, aliousimamia Henry Flood, ulikuwa wa kurekebisha uchaguzi wa Waprotestanti peke yao.

Usiku wa tarehe 29 Novemba Flood alitoka Rotunda akaenda bungeni akiwa na sare ya wanamgambo, akawasilisha muswada. Wabunge walikataa hata kuujadili, kwa kura nyingi, wakisema Bunge haliamriwi na watu wenye silaha. Swali likarudi Rotunda: mtafanya nini sasa? Charlemont aliahirisha kikao, na siku chache baadaye akaufunga mkutano kwa utulivu, watu wakarudi makwao. Hakuna aliyepigwa risasi. Muswada ulikufa, na nguvu ya wanamgambo ikaanza kuyeyuka kuanzia hapo.

Wanaomsifu husema aliiepusha nchi na vita, nami nakubali. Lakini naona pia kwamba alikwishaupunguza mkutano wenyewe kabla ya usiku ule. Bunge lingewezaje kuuogopa umma ambao robo tatu yake haikualikwa ukumbini? Wakatoliki walikuja kupewa kura 1793, bila haki ya kukaa bungeni, na msukumo wake haukutoka Charlemont House.

Juni, mwishoni. Ukuta mmoja

Tumebishana. Nilipendekeza upande mmoja wa mfano uwe na ukuta unaovutwa, mtazamaji aone chini kabisa: jiko, stoo, ngazi ya watumishi. Mzee alikataa.

"Bwana kalipa fedha zake jiko lisionekane. Sisi ni mafundi. Kazi ya mwenye nyumba haifumuliwi na fundi."

"Lakini Mzee, tunasimulia maisha yake."

"Msimulie. Mfano ni wake."

Ana hoja. Ujanja wa Casino uko katika kutoonekana, na ukiufumua jengo linakuwa sanduku la vyumba vidogo vyenye giza. Isitoshe, ufundi wenyewe ni wa hali ya juu; chumba chenye alama za nyota kwenye kuba kingepoteza utamu wote kikiangaliwa kwa kukatwa ubavu. Tumekubaliana hivi: kuta nne zinabaki kamili, lakini ubao wa chini unainuka kwa bawaba. Anayetaka kuona jiko lazima ainame, aweke kichwa usawa wa meza na kuchungulia kwa chini. Mzee amekubali kwa sharti kwamba bawaba zenyewe zisionekane.

Julai. Yaliyobaki

Maandishi yamefika mwisho. Chuo cha wasomi, Royal Irish Academy, kilianzishwa 1785, naye akawa rais wake wa kwanza hadi kufa. Nakala za udongo za sanamu za Kirumi, kazi ya Vierpyl, ziko huko. Mwaka 1789 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa klabu ya upinzani ya Dublin. Muungano na Uingereza aliupinga hadi mwisho. Januari 1799 Bunge la Ireland lilikataa pendekezo hilo, naye akafariki tarehe 4 Agosti mwaka huo na kuzikwa Armagh, kabla hajaona wabunge wale wale wakilipitisha 1800. Jengo la Bunge likauzwa kwa Benki ya Ireland.

Nyumba zake zimekuwa na bahati tofauti. Charlemont House ni makumbusho ya sanaa ya jiji tangu 1933. Nyumba kubwa ya Marino ilibomolewa katika miaka ya 1920, na shamba likajengwa makazi ya wafanyakazi wa Dublin. Casino imebaki peke yake, inatunzwa na serikali, na hupokea wageni.

Limebaki suala la ubao wa kuwekea mfano. Inasemekana kwamba mwaka 1792 mjenzi mmoja, Charles Ffolliott, aligombana na Charlemont akajenga safu ya nyumba, Marino Crescent, mahali hasa panapokata mandhari ya bahari kutoka kwa Earl, tena akazipa migongo mibaya upande wa Lord. Safu hiyo ipo hadi leo. Bram Stoker, mwandishi wa Dracula, alizaliwa humo 1847. Nataka iwepo ukingoni mwa ubao, kwa kadibodi tu, migongo ikiangalia Casino. Mzee anasema kadibodi ni aibu na ameshaanza kuikata kwa mbao. Simba wanne watamiminwa kwa plasta wiki ijayo, na anayesoma maelezo ya sauti anahitaji mapumziko kabla ya kurudia sehemu ya Piranesi, maana kila akifika pale anacheka.